Kabla hujatundika daluga: kutoka kiwanja cha Mchinga hadi benchi la ufundi

Septemba 2022, Zoran Maki alipoondoka Simba ghafla, klabu ilimwita Juma Mgunda kutoka Coastal Union awe kocha wa muda. Siku chache baadaye alikuwa Malawi na kikosi, akiikabili Nyasa Big Bullets katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Akaitoa, akaitoa na Primeiro de Agosto ya Angola, Simba ikaingia makundi. Mitaani watu wakasema ana bahati. Bahati gani? Mgunda alikuwa mshambuliaji wa Coastal iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988. Kati ya ubingwa ule na simu ile ilipita miaka 34. Mwaka 2024 akaja huku kwetu kusini, akaifundisha Namungo ya Ruangwa.

Kijana wa Mchinga unayecheza ligi ya mkoa na ndondo za msimu wa korosho, kwanza tuelewane kwenye jina la kazi. Waingereza humwita kocha wao meneja. Kwetu meneja wa timu ni mtu wa vibali, usafiri, jezi na malazi. Anayepanga kikosi ni kocha mkuu. Kazi zote mbili huwachukua wachezaji wa zamani, ila hii ya pili ina leseni.

Leseni za CAF hupanda kutoka D, kisha C, B, A, na juu kabisa Pro. Hazirukwi kwa sababu ulikuwa nahodha. Kozi hutangazwa na TFF na taarifa hushuka kupitia vyama vya mikoa na wilaya, kwa hiyo katibu wa chama cha soka cha wilaya yako akujue kwa sura na kwa namba ya simu. Weka pamoja kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule na barua ya klabu unayoichezea. Ada ilipwe kwa risiti. Akikuambia mtu umpe mkononi "akushikie nafasi", ondoka.

Usidhani ni makaratasi tu. Mwaka 2021 Simba ilikuwa na Didier Gomes, Mfaransa aliyekwisha kuipa ubingwa, lakini sifa zake hazikutosha kwa kanuni za CAF za kocha mkuu katika mashindano ya klabu Afrika. Klabu ikamleta Hitimana Thierry, mwenye leseni iliyokubalika. Oktoba mwaka huohuo Gomes akaondoka.

Huyo Hitimana ndiye aliyekuwa na Namungo katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2019/20, akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho pale Sumbawanga na kufungwa na Simba 2-1. Aliyemfuata, Hemed Suleiman "Morocco", aliiingiza Namungo makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Januari 2024, Taifa Stars ikiwa kwenye AFCON kule Ivory Coast, akakabidhiwa timu ya taifa. Benchi la Ruangwa halikuwa mbali kiasi hicho na la taifa.

Sasa, uanze lini? Ukiwa bado unacheza. Wachukue watoto wa chandimu wa kijijini, hata kumi na watano, mara mbili kwa wiki. Kila zoezi liandike kwenye daftari: lengo, muda, nani kashindwa na kwa nini. Nimeona viungo hodari wanaofungua ngome kwa pasi moja, lakini mtoto akiwauliza "umeonaje?" wanabaki kucheka. Miguu yao inajua, mdomo haujui. Ukocha ni kazi ya mdomo na macho, na hiyo hujifunzwa pole pole, ukikosea mbele ya watoto wasiokuzomea.

Baada ya hapo omba ukocha msaidizi, hata wa timu ya vijana, hata bila jina gazetini. Panda na ligi: mkoa, Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship.

Ukipata mkataba, usome kifungu cha kuvunja kabla ya kile cha mshahara, na nakala ibaki kwako. Makocha wetu huachishwa katikati ya msimu, mara nyingi baada ya vipigo vitatu mfululizo. Kwa hiyo mashua usiuze, na korosho zako aendelee kuzipalilia mtu unayemwamini.