Mkimbizi Arudipo Kwake

Mwezi wa Januari 2001 askari waliwapiga risasi waandamanaji huko Pemba, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hata Shimoni, Kenya. Wengi walirejea baadaye. Je, arejeaye amekwisha kufika kwake? Sivyo, ikiwa nyumba yake yakaliwa na mwingine, na mikarafuu yake yachumwa na mwingine! Kanuni za Pinheiro, zilizokubaliwa na tume ndogo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2005, zaagiza kwanza arudishiwe nyumba na shamba. Fidia ni pale yasipoweza kurudishwa. Tena kukosa hati kusimzuie. Neno hili lawafaa Wapemba hasa, maana kwao mti huweza kuwa wa huyu na ardhi ya yule, na shahidi ni jirani aijuaye mipaka.