Tuzo Iliyo Bora kwa Vijana ni Kusikilizwa

Kamati inapotaka kuandaa mashindano ya vijana ya kutengeneza vipindi vya redio, swali la kwanza huwa: zawadi itakuwa nini? Sisi tunashauri muanze na swali jingine: ni nani atakayewasikiliza? Katika somo hili tunatazama mfano kutoka Marekani.

Mwaka 2019 redio ya umma ya nchi hiyo, NPR, iliendesha kwa mara ya kwanza shindano la podikasti kwa wanafunzi wa darasa la 5 hadi la 12. Podikasti ni kipindi cha sauti ambacho msikilizaji hukifungua kwenye intaneti wakati wowote. Walimu waliwasilisha kazi za wanafunzi wao, kila moja ya dakika 3 hadi 12. Studio haikuhitajika, hata simu ilitosha kurekodia. Zilipokelewa kazi karibu 6,000.

Kundi moja lililoshinda lilikuwa la wasichana wa Bronx, New York, waliozungumzia hedhi na aibu inayowafanya watu wainong'one. Jingine lilikuwa la wanafunzi wa sekondari wa Elizabethton, Tennessee. Hao walisimulia habari za Mary, tembo wa sarakasi aliyenyongwa katika mji wa Erwin, jimboni kwao, mwaka 1916, baada ya kumwua mtunzaji wake. Kazi za washindi zilisikika katika matangazo ya NPR ya nchi nzima.

Tunajifunza nini?

1. Vijana wachague mada wenyewe. Kama watu wazima wangepanga mada, huenda hedhi isingetajwa kabisa.

2. Historia ya mahali, hata ile chungu, ni mali ya vijana pia. Wazee wahojiwe wangali hai.

3. Ndugu wafadhili, kombe hukaa kabatini. Fedha zianze na mafunzo, vinasa sauti na muda wa hewani.

4. Mtoto asirushwe hewani bila ridhaa yake na ya wazazi wake.

Maswali ya kujadili katika kamati:

• Ni jambo gani vijana wa parokia yetu hulisema wakiwa peke yao tu?

• Kipindi bora kikitukosoa sisi viongozi, je, tutakipa tuzo na kukirusha? Tukubaliane jibu kabla ya kutangaza shindano, kwa maana kijana aliyealikwa kusema kisha akanyamazishwa hatarudi tena.