SOMO LA URAIA: NJIA YA MGENI KUWA RAIA, NA MAHALI INAPOHITAJI KUREKEBISHWA

Katika vitongoji vyetu huishi jirani aliyelima, akaoa na kuzika pamoja nasi, lakini kisheria bado ni mgeni. Somo hili laeleza jinsi mtu wa namna hiyo anavyoweza kuwa raia wa Tanzania, na ni wapi utaratibu wenyewe wafaa kutazamwa upya.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua uraia wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Uraia wa tajnisi ndio unaoombwa na mgeni. Mwombaji sharti awe mtu mzima aliyekaa nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba. Na katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo, awe amekaa kwa jumla ya miaka isiyopungua 7. Sharti ajue Kiswahili au Kiingereza cha kutosha, awe na mwenendo mwema, awe na mchango kwa ustawi wa Taifa, na akusudie kuendelea kuishi humu. Maombi hupitia Idara ya Uhamiaji, na mwenye uamuzi ni Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Anayekubaliwa hukana uraia wake wa awali na kula kiapo cha utii, kwa kuwa sheria hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Akishapata hati, raia huyu ana haki ya kupiga kura kama wenzake. Hata hivyo, Katiba inamtaka Rais awe raia wa kuzaliwa.

Funzo la Katumba, Mishamo na Ulyankulu

Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 waliwekwa katika makazi hayo matatu, yaliyopo katika mikoa ya Katavi na Tabora. Baada ya miaka 35 hivi, Serikali iliwapa hiari ya kurejea kwao au kuomba uraia. Katika watu wapatao 218,000, takriban wanne katika kila watano walichagua Tanzania. Kufikia mwaka 2010, watu wapatao 162,000 walikuwa wamekubaliwa.

Hati, hata hivyo, hazikutolewa papo hapo. Zilifungamanishwa na mpango wa kuwahamishia mikoa mingine, nao mpango huo ukakwama. Hati zilianza kugawiwa mwaka 2014. Kwa miaka minne, watu waliokwisha kuukana uraia wa Burundi hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha kuwa ni Watanzania. Aliyetaka kupanda mwembe hakuwa na hakika kwamba yeye ndiye atakayekula maembe yake.

Tanzania ilifanya jambo kubwa, ambalo nchi chache zimelithubutu kwa idadi kama hiyo ya watu. Kasoro ilikuwa katika utekelezaji, nayo yatufundisha mambo matatu.

Kwanza, hati isifungwe na sharti jingine. Aliyekwisha kukubaliwa na kukana uraia wa awali apewe hati yake bila kuchelewa.

Pili, maandalizi yawe ya pande mbili. Sheria hupima lugha na mwenendo, lakini haimwekei mwombaji darasa. Yafaa afundishwe Katiba, kazi za serikali ya kijiji, haki ya ardhi na wajibu wa kodi. Wenyeji nao waelezwe mapema, kwa maana uvumi huota pale taarifa inapokosekana.

Tatu, jibu liwe na sababu. Sheria haimlazimishi Waziri kueleza kwa nini amekataa ombi, wala uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Usalama wa nchi wahitaji siri katika baadhi ya mambo; lakini mwombaji aliyekosa kielelezo tu angeambiwa, angekileta.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Je, tunatofautisha mgeni, mkimbizi na raia wa tajnisi, au wote twawaita wageni?
2. Ni mambo gani ya kijiji chetu ambayo raia mpya angepaswa kufundishwa kwanza?
3. Sisi wenyeji twapaswa kujifunza nini kabla ya kumpokea?

Mwenye hati ya uraia ni Mtanzania. Kumwita mkimbizi baada ya kiapo ni kumnyang'anya kwa mdomo kile alichopewa kwa sheria.