Umefikia kwa Nani? Maneno ya Kuitana na Upokeaji wa Wageni Wakaazi katika Jiji la Dar es Salaam

1. UTANGULIZI

Makala haya yanachunguza jinsi mfumo wa Kiswahili wa kuamkiana na kuitana unavyomwingiza, au unavyomzuia, mgeni anayekuja kuishi Dar es Salaam kwa kazi ya mkataba. Tutamwita mtu huyo mgeni mkaazi. Tunakusudia asiye raia aliyeletwa na ajira ya muda: mhandisi, mwalimu wa shule ya kimataifa, mtumishi wa ubalozi au wa shirika la misaada, pamoja na mwenza wake asiye na ajira, ambaye mara nyingi ndiye anayeumia zaidi kwa upweke. Istilahi yenyewe ina mgongano ndani yake, kwani mgeni hatarajiwi kukaa na mkaazi hatarajiwi kuwa mgeni. Tumeichagua kwa sababu hiyo hiyo.

Mifano mingi tunayoitumia inatokana na madarasa ya jioni ya Kiswahili ambayo mwandishi aliyafundisha kwa miaka kadhaa, pamoja na mazungumzo ya kawaida mjini. Hatudai kuwa na takwimu. Tunalodai ni kwamba ugumu wa mgeni mkaazi umekuwa ukitafutwa mahali pasipo pake. Sisi walimu tumeamini kwamba akizimudu ngeli na viambishi vya njeo, mji utamfungukia. Hata hivyo tumewaona wanafunzi waliofaulu vizuri wakimaliza mikataba yao bila kuwa na nyumba hata moja wanayoweza kuingia kwa kupiga hodi tu, pasipo ahadi wala mwaliko.

2. MGENI NA MWENYEJI

Nomino mgeni ina ndugu wengi katika lugha za Kibantu. Kikuyu kina mũgeni na Kiganda kina omugenyi. Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili zinazokaa pamoja bila ugomvi: mtu asiyejulikana, na mtu aliyekaribishwa. Jambo hili si la Kibantu pekee. Neno la Kiyunani xenos lilibeba maana zote mbili, na Benveniste (1969) ameonyesha jinsi Kilatini hostis, lililokuja kumaanisha adui, lilivyohusiana na hospes, yaani mwenye kupokea wageni. Lugha kadhaa za Ulaya ya leo zimezitenganisha maana hizo na kuzipa maneno mawili. Kiswahili hakikufanya hivyo.

Kisarufi kuna jambo linalostahili kuangaliwa zaidi. Mgeni ni nomino inayodai mwenyewe. Husema watu: mgeni wangu, mgeni wenu, mgeni wa Baba Asha. Mtu asiyejulikana akionekana mtaani, swali la kwanza aghalabu halimhusu yeye bali linamhusu aliyemleta: huyu ni mgeni wa nani? Ugeni basi si sifa ya mtu mmoja. Ni uhusiano baina ya watu wawili, na wa pili wao ni mwenyeji, neno ambalo kwa kawaida huchanganuliwa kuwa mwenye mji. Mgeni asiye na mwenyeji ni kama kivumishi kisichokuwa na nomino.

Methali ya kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni onyo dhidi ya mgeni kumchosha mwenyeji wake. Fasiri hiyo si makosa, lakini inatazama upande mmoja tu. Kumpa mtu jembe ni kumruhusu aguse ardhi ya nyumba, alime na wengine, achoke pamoja nao, na jioni ale kama mmoja wao. Mgeni mkaazi wa leo kazi amepewa na mwajiri. Jembe hajapewa na jirani.

3. KUFIKA NA KUFIKIA

Tofauti baina ya vitenzi kufika na kufikia ni ndogo kwa sauti na kubwa kwa maana. Kufika ni kumaliza safari. Kufikia, kwa mnyambuliko wa kutendea, ni kumaliza safari kwa mtu au mahali panapokupokea: nimefikia kwa mjomba, Magomeni. Ndiyo maana anayetoka bara huulizwa: umefikia kwa nani? Leslie, katika uchunguzi wake kuhusu Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1963, alieleza jinsi mhamiaji wa Kiafrika alivyoingia mjini kupitia ndugu au mtu wa kwao aliyemtangulia. Hata asiyekuwa na ndugu hakukosa pa kushika. Utani wa makabila, ambao sehemu yake ilikuzwa na misafara ya biashara ya karne ya 19, ulimpa Mnyamwezi aliyeshuka pwani haki ya kumtania Mzaramo ambaye hajapata kumwona, na pamoja na haki hiyo wajibu wa kumhudumia katika msiba. Mtu mmoja alikuwa mgeni na hapo hapo hakuwa mgeni.

Mgeni mkaazi hufika. Kufikia, kwa maana tuliyoieleza, hafikii. Hulakiwa uwanja wa ndege na dereva wa ofisi, akapelekwa kwenye nyumba yenye geti huko Masaki, Oysterbay au Msasani. Ramani ya mji ina historia yake katika jambo hili. Utawala wa kikoloni uliugawa mji kwa misingi ya rangi, na majina ya Kiswahili yakaurekodi mgawanyo huo: Uzunguni, Uhindini, na upande wa Waafrika Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza. Leo rangi si sharti la kuishi Masaki. Kodi ya nyumba inatosha. Katika mkoa uliohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022, mgeni mkaazi anaweza kuishi miaka mitatu akizunguka baina ya ofisi, shule ya watoto, duka kubwa na klabu ya ufukweni, na asizungumze Kiswahili isipokuwa na watu watatu: mlinzi, dereva na msaidizi wa nyumbani. Wote watatu anawalipa.

Hali hii ina matokeo ya kiisimu. Kiswahili anachojifunza kwao ni cha kuagiza: leta, fungua, kesho njoo mapema. Nchini Kenya mazingira ya namna hiyo, katika mashamba ya walowezi, yalizaa lahaja iliyopewa jina la Kisetla, na wengi waliicheka kwa sarufi yake mbovu. Sarufi haikuwa kasoro yake kubwa. Kasoro yake kubwa ni kwamba haikuwa na nafasi ya mtu aliye sawa na msemaji. Kwa upande wao, wale watatu humwita mwajiri bosi au madamu, majina yanayomweka juu mahali ambapo hapana ndugu.

4. SALAMU INAYOFUNGA NA SALAMU INAYOFUNGUA

Tuanze na jambo dogo, yaani jambo lenyewe. Hujambo ina nafsi ndani yake. Hamjambo ina nafsi nyingine. Sijambo inajibu kwa nafsi ya kwanza. Ukiviondoa viambishi hivyo na kusema jambo tupu, umebaki na sauti ya kirafiki isiyoeleza nani anamsalimu nani. Ferguson (1971) alitufundisha kwamba jamii nyingi zina namna maalumu, iliyorahisishwa, ya kuwasemesha wageni. Jambo ndiyo yetu. Mwuza vinyago anayemwambia Mjerumani jambo hamfundishi Kiswahili, amekwisha kumpanga. Inasikitisha kwamba mgeni huijifunza salamu hiyo kwetu, akaitumia kwa moyo mweupe, na kila anapoitumia huthibitisha kwamba amepangwa sawasawa.

Shikamoo ni kinyume chake. Haiwezi kutamkwa bila kupima umri, na aliyeamkiwa hana hiari; sharti aseme marahaba, na kwa kusema hivyo akubali kuwa mkubwa wa yule aliyemwamkia, pamoja na dhamana zote za ukubwa huo. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana aliyekuwa na cheo kizuri katika kampuni ya ujenzi, aliniuliza kama anaruhusiwa kumwamkia mlinzi wake shikamoo. Mlinzi alikuwa mtu wa miaka sitini hivi. Nilimjibu kwamba si suala la ruhusa. Kwa kutomwamkia alikuwa akimkosea adabu kila asubuhi. Baada ya wiki chache alirudi na habari kwamba mlinzi ameacha kumwita bosi na sasa humwita mwanangu, na kwamba amemgombeza kwa kurudi usiku mno. Kijana alitaka kujua kama hilo la kugombezwa ni la kawaida. Nilimpongeza.

Brown na Gilman (1960), katika uchambuzi wao maarufu wa viwakilishi vya Ulaya, walipambanua mhimili wa mamlaka na mhimili wa ukaribu. Mpango huo unatusaidia kiasi, lakini maneno ya udugu ya Kiswahili hayakubali kugawanywa hivyo. Mama, baba, mzee, shangazi yana heshima na ukaribu kwa wakati mmoja, na anayeitwa mwanangu ameteremshwa na kukumbatiwa kwa neno moja. Shemeji huongeza utani juu ya hayo. Mgeni aliyezoea kwamba kuitana kwa majina ya kwanza ndiyo dalili ya urafiki huwaomba wote wamwite John, na wote humwita Bwana John. Hadhani kwamba wanamkaribia. Kumbe wao wanangoja kujua ni baba wa nani.

5. MGENI ANAYEIJUA LUGHA

Anayebainisha hoja yetu kuliko wote si Mzungu. Ni Mkenya. Katika ofisi za Dar es Salaam wamo wataalamu wengi kutoka Nairobi ambao hawana haja ya darasa letu, na bado wamo wanaolalamika kwamba wenzao wa Kitanzania hawawazoei. Sababu mojawapo tunaisikia kila siku mgahawani. Mkenya husema nipe chai, sentensi isiyo na dosari; Mtanzania husema naomba chai, ingawa chai atailipia. Kwa masikio ya Dar es Salaam nipe bila salamu ya kutangulia ni ukali. Kwa masikio ya Nairobi salamu tatu kabla ya kuagiza chai ni kupoteza muda. Huyu ana sarufi yote na bado ni mgeni. Pengine ni mgeni zaidi, kwa kuwa Mjerumani akikosea husamehewa kwa ajili ya lugha, na Mkenya hudhaniwa amekusudia.

6. KADI YA MCHANGO

Ipo siku ambayo mgeni mkaazi hukabidhiwa kadi ya mchango wa harusi, au siku hizi huingizwa katika kundi la WhatsApp la kamati. Hapa ndipo wengi wao hurudi nyuma. Husema: wameniona nina fedha. Si haki kuwaambia kwamba daima wamekosea. Wapo wanaopewa kadi kwa sababu ya mishahara yao, na mwalimu anayeficha hilo anawadanganya wanafunzi wake.

Lakini mjini hapa kadi hiyo hiyo hupewa karani, jirani na fundi cherehani, na asiyepewa huuliza amekosa nini. Mchango ndio jembe la siku ya tatu. Namna ya kutambua iwapo mtu amehesabiwa kama mwenzi au kama mfuko ni kusikiliza kinachoambatana na kadi. Je, ameitwa kwenye kikao? Je, ametajiwa ahadi za wengine, na akaruhusiwa kutoa kidogo na kutaniwa kwa udogo huo? Anayeombwa fedha tu hataniwi.

Msiba una nguvu zaidi, na masharti yake ni mepesi. Hauhitaji mwaliko. Mgeni akisikia kwamba dereva wake amefiwa na mama, desturi ya ofisi nyingi ni kutuma bahasha na kumpa likizo. Bahasha haikatazwi. Ila anayekwenda mwenyewe Mbagala au Tandika, akavua viatu, akasema poleni, akaketi mkekani nusu saa bila kuwa na la kusema, amefanya tendo ambalo kozi yetu nzima ya miezi sita haimfundishi. Pole ni neno la silabi mbili na wageni hulijua tangu wiki ya kwanza. Wasichoambiwa ni kwamba husemwa kwa miguu.

7. MADOKEZO KWA UFUNDISHAJI

Sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wasio raia hutajwa kwa Kiswahili kuwa ni ya ajira za wageni. Kwa maana hiyo ya kisheria mgeni hageuki mwenyeji kwa jembe wala kwa mchango. Kibali chake kina tarehe ya kwisha. Hatuna ugomvi na sheria, kwani kila nchi inalinda ajira za watu wake. Ila tunaona kwamba vitabu vyetu vya kufundishia vimechukua maana ya sheria na kuiacha ile ya lugha. Mwanafunzi katika vitabu hivyo daima yuko hotelini, sokoni au stesheni. Ananunua, anauliza njia, anaagiza chakula. Haendi kumjulia hali mgonjwa, haambiwi shemeji, hakosei akachekwa na kuendelea kuwepo.

Pendekezo letu ni kwamba kufikia maneno ya udugu kusingoje ngazi ya tatu, baada ya ngeli zote kwisha. Yaingie wiki ya kwanza, pamoja na kazi ya nje: mwanafunzi aamkie watu watano waliomzidi umri katika mtaa anaoishi, kila siku kwa wiki mbili, na aandike walivyomwita siku ya kwanza na walivyomwita siku ya 14. Tulijaribu zoezi hili na kundi moja dogo. Mwanafunzi mmoja, mama wa watoto wawili aliyemfuata mumewe mwenye kazi, aliandika mstari mmoja tu mwishoni mwa daftari: kwamba mwuza mbogamboga wa kona ya kwao ameacha kumwita madamu, sasa anamwita Mama Anna, na jana amemwuliza mbona haonekani.