Makala Tatu, Jaribio Moja: Maswali Yenu Kuhusu Mapitio ya Kimfumo

Mchoro wangu wa PRISMA (mwongozo wa kuripoti mapitio ya kimfumo) unaishia na makala 22, lakini jedwali langu lina tafiti 17. Nifute zipi?

Usifute hata moja. Makala si utafiti, na kuvichanganya viwili hivi ndiko kunakoharibu tasnifu nyingi ninazozisoma. Chukua jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S: watoto zaidi ya 15,000, vituo 11 katika nchi 7, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe hapa Tanzania, na Kilifi kwa majirani zetu Kenya. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 2011, ya watoto wachanga 2012, ya mwisho 2015. Ukiyaita tafiti tatu, umewahesabu watoto walewale mara mbili, na mganga mkuu wa wilaya atakayekusoma ataamini ushahidi ni mwingi kuliko ulivyo. Ndiyo maana PRISMA ya 2020 inatenganisha rekodi, yaani jina na ikisiri ulivyovikuta kwenye kanzidata; ripoti, yaani andiko lenyewe; na utafiti, yaani kazi iliyofanyika. Sanduku la mwisho liandike hivi: tafiti 17, ripoti 22. Huna uhakika kama makala mbili ni za jaribio moja? Tazama namba ya usajili. Ya RTS,S ni NCT00866619. Popote unapoikuta, ni jaribio lilelile.

Je, kila rekodi niliyoiondoa niiandikie sababu? (Mmeuliza wengi, nawajibu pamoja.)

Kwenye majina na ikisiri, idadi inatosha. Msijitese. Ila ukishaisoma ripoti nzima ukaikataa, sababu ni lazima, na iwe sababu kweli. "Haihusiani" haimwambii msomaji chochote. "Haikuwa na kundi la kulinganisha" inamwambia. Zile zilizokaribia kuingia zitajwe moja moja. Na ripoti uliyoikosa kabisa ina sanduku lake, usiichomeke kwenye zilizokataliwa.

Stesheneri karibu na chuo wanauza mchoro uliokwisha kujazwa. Ninunue?

Usinunue. Huo ni uongo wa kulipia.

Nilichuja peke yangu. Niandike tulikuwa wawili?

Andika ulikuwa peke yako. Afadhali zaidi, mwombe mwenzako achuje kivyake bila kuona maamuzi yako, kisha mkae mjadili mlipotofautiana. Kama programu ya kompyuta ilisaidia kuchuja, itaje na useme ilifanya nini.

Nimetimiza vipengele vyote 27 vya PRISMA. Mapitio yangu ni bora, sivyo?

Si lazima. PRISMA inaangalia kama umeeleza ulichofanya, haipimi kama ulikifanya vizuri.

Nilifuta matokeo ya utafutaji, na namba sizikumbuki.

Tafuta upya. Andika tarehe, kanzidata na maneno uliyotumia, halafu hifadhi faili kabla hujaondoa rekodi zinazojirudia. Namba ya kukisia usiiweke kwenye mchoro.