Bangi aina ya skanka: harufu, ladha na nguvu yake



Mama mmoja wa Muleba ametuletea swali. Kijana wake wa miaka 17 hurudi jioni nguo zikinukia kama maganda ya limau yaliyochanganyika na kitu kilichooza. Mama anaijua harufu ya bangi tangu utotoni, na anasema hii siyo. Je, atulie?

Asitulie. Bangi ni mmea mmoja wenye aina nyingi, kama migomba yetu: huu wa kupika, ule wa pombe, mwingine wa kuchoma. Aina iitwayo skanka, ambayo vyombo vya kudhibiti dawa za kulevya nchini vimeikamata mara nyingi miaka ya karibuni, imetokana na mbegu zilizochaguliwa ili kuongeza nguvu. Jina lake limetoka kwa mnyama wa Marekani anayefanana na kicheche wetu, naye hujihami kwa kurusha majimaji yenye uvundo.

Harufu ya bangi hutoka katika mafuta mepesi yaliyo kwenye vinyweleo vya ua la mmea jike. Mengi ya mafuta hayo tunayo jikoni: yamo katika mchaichai, ganda la limau, pilipili manga, karafuu na mrehani. Ule uvundo una asili nyingine. Mwaka 2021 wanasayansi wa Marekani walionyesha kuwa unatokana na kemikali chache zenye salfa, mojawapo ikiwa ile ile inayoharibu bia iliyoachwa juani. Ladha hufuata harufu, lakini moshi wenyewe huwasha koo na una lami kama wa tumbaku.

Sasa shikeni jambo hili: kemikali inayolewesha, iitwayo kwa kifupi THC, haina harufu. Sisi wa Bukoba tusishangae. Harufu tamu ya kahawa inayokaangwa siyo inayotukosesha usingizi. Ni kafeini, nayo hainuki. Robusta yetu ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na pua haikuambii. Hata aliyekunywa rubisi tamu anajua kwamba magoti hayaulizi utamu.

Kwa hiyo baba anayesema, "Hata sisi tulivuta ujanani, mbona tu wazima," huenda anazungumzia kitu kingine kabisa. Huko Marekani bangi iliyokamatwa na kupimwa mwaka 1995 ilikuwa na THC kama asilimia 4. Mwaka 2014 ilikuwa kama asilimia 12. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Ulaya na Brazil, ulionyesha kuwa wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi wana uwezekano wa kuchanganyikiwa akili karibu mara tano ya wasiotumia kabisa. Si kila avutaye atafikwa na hayo. Lakini nani ajuaye mapema ni mtoto wa nani?

Akivuta, nguvu huanza baada ya dakika chache: macho mekundu, kinywa kikavu, moyo kwenda mbio, kucheka ovyo, njaa. Aliyosomeshwa siku hiyo hayashiki. Mwingine hupatwa na hofu kali. Mwendesha bodaboda huchelewa kukanyaga breki, na mteremko wa Nyangoye hauna subira. Iliyotiwa kwenye biskuti au keki hudanganya zaidi, maana hukawia nusu saa hadi saa mbili. Kijana akiona kimya huongeza nyingine, kisha zote humjia kwa pamoja.

Turudi kwa mama yetu. Asimpekue mbele ya wadogo zake, wala asimtangaze jumuiyani. Amwulize wakiwa wawili, asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia: anatumia nini, mara ngapi, tangu lini. Siku akianza kuongea na wasioonekana, kukesha usiku baada ya usiku, au kudai kwamba nyumbani wamemtilia sumu, asifungwe kamba wala jirani asisingiziwe uchawi. Apelekwe hospitali, iwe Rubya, Kagondo au ya mkoa pale Bukoba, na daktari aambiwe wazi kuwa kijana anavuta bangi, na kama ni skanka itajwe, kwa sababu matibabu yatategemea jibu hilo.