Kinyesi cha mbwa si uchafu tu

Mtu akikanyaga kinyesi cha mbwa njiani hukunja uso, akafuta kiatu kwenye majani na kwenda zake. Ni wachache wanaojua kwamba uchafu huo waweza kumfikisha binadamu kwenye chumba cha upasuaji. Turkana wanalijua jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti waligundua kuwa kaskazini magharibi mwa Turkana wagonjwa wapya walizidi 200 kila mwaka kwa kila watu 100,000, idadi iliyokuwa miongoni mwa za juu zaidi duniani.

Ni ugonjwa gani?

Unaitwa haidatidi. Huletwa na tegu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita chache tu, anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mbwa mwenyewe haonekani mgonjwa, lakini kinyesi chake hubeba mayai yasiyoonekana kwa macho. Mayai hayo hushika manyoya yake, udongo, mboga na maji.

Mtu akiyameza, vijidudu hupenya utumbo, huingia katika damu na kukaa mara nyingi kwenye ini, au kwenye mapafu. Hapo hujenga kifuko cha maji kinachokua polepole kwa miaka mingi. Mtoto anayeambukizwa leo huenda asione dalili mpaka awe mtu mzima. Ndipo tumbo huvimba, au maumivu yakaanza chini ya mbavu za kulia, au kikohozi kikakataa kwisha.

Usikubali mtu yeyote aukande au kuutoboa uvimbe wa namna hiyo. Kifuko kikipasuka ndani ya mwili, mgonjwa anaweza kufa ghafla. Nenda hospitali upigwe picha ya ultrasaundi. Matibabu yapo: dawa ya albendazoli, upasuaji, au vyote viwili.

Mbwa huupata wapi?

Huupata kwa kula ini au mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia yenye vifuko hivyo. Mifugo nayo huambukizwa malishoni palipo na kinyesi cha mbwa. Basi duara huzunguka hivyo, na binadamu hunaswa katikati.

Katika Turkana mbwa ni mlinzi wa boma na hukaa karibu na watoto. Maji yakiwa haba, baadhi ya akina mama walimwachia mbwa amlambe mtoto aliyejisaidia. Tusiwalaumu, shida ya maji ndiyo iliyowafikisha hapo. Jua kali huyaua mayai upesi, lakini penye kivuli na unyevu huishi kwa miezi. Kwa hiyo kwenye mashamba kama ya Katilu, yanayonyweshwa na Mto Turkwel, inafaa kujihadhari zaidi.

Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kampeni eneo la Lokichoggio. Mbwa walipewa prazikwanteli kila baada ya wiki 6, kabla minyoo mipya haijaanza kutaga, na wananchi wakafundishwa. Maambukizi yalipungua.

Tufanye nini?

Nawe mkazi wa mjini, usidhani haya ni ya Turkana pekee. Mbwa wanaozurura kwenye vichinjio na mabucha ndio hao hao wanaojisaidia mahali watoto wanapochezea.

1. Usimtupie mbwa matumbo, ini wala mapafu mabichi. Yachemshe sana, au yachome moto au yazike kwenye shimo refu.

2. Zoa kinyesi kwa koleo ukitupe chooni au ukizike.

3. Mpe mbwa wako dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Dawa haiui mayai, kwa hiyo zika kinyesi chake baada ya kumpa.

4. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa na kabla ya kula. Osha mboga vizuri.

5. Wenye vichinjio wazungushe ua ili mbwa wasiingie.

Kuzoa kinyesi pekee hakutoshi. Ini bovu likiendelea kutupwa nyuma ya bucha, kesho mbwa ataturudishia ugonjwa ule ule mlangoni.